Sufuria: jua ilivyotengenezwa kabla hujawapikia wanao

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia maji ya kuchemsha, vyoo, kucha na kunawa mikono. Leo tuzungumzie chombo ambacho karibu kila kinacholiwa nyumbani kwako hupitia humo, nacho ni sufuria. Watu huuliza nyama imechinjwa na nani, na hilo ni jambo jema. Huuliza mchele ni wa Kyela au wa Kilombero. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza sufuria imetengenezwa kwa madini gani na kwa njia gani, hali ya kuwa mchele huliwa siku moja ukaisha na sufuria hubaki miaka kumi.

Hapa Mgeta, siku ya gulio utaziona sufuria za aina mbili zimepangwa juu ya turubai moja. Ya kwanza ni nyepesi, laini, imesawazika pande zote, ukingo wake umekunjwa vizuri, na ukiigonga kwa kidole hulia. Ya pili ni nzito, ukuta wake mnene, mara nyingi ina vishikio vilivyoungana na mwili wake, na ukiitazama kwa karibu utaona vitundu vidogo vidogo kama vya mkate. Muuzaji atakusifia hiyo ya pili: "Mama, hii ni ya maisha." Na mama wa kwetu, aliyezoea kuni na mafiga matatu, humwamini kwa sababu uzito kwake ni dalili ya uimara. Zote mbili huitwa sufuria za alumini, lakini zimezaliwa kwa njia mbili tofauti kabisa, na tofauti hiyo inahusu afya ya watoto wako.

Tuanze na ile nyepesi. Hiyo ilianza ikiwa diski, yaani kipande bapa cha mviringo mfano wa sahani isiyo na ukingo. Kiwandani alumini huyeyushwa, ikamiminwa kuwa bonge refu, kisha bonge hilo hupitishwa likiwa la moto kati ya magurudumu mazito ya chuma, likazidi kuwa jembamba kila linapopita, kama mama anavyosukuma chapati. Baadaye hupitishwa tena likiwa baridi mpaka lifikie unene unaotakiwa, kwa kawaida kati ya milimita 1 na 3 kwa vyombo vya jikoni. Ndipo zinapokatwa diski. Ukikata mduara ndani ya mraba, zaidi ya sehemu moja ya tano ya bati hubaki pembeni kama makapi, nayo hurudishwa tanuruni.

Sasa, bati lililosukumwa likiwa baridi huwa gumu na lenye kiburi. Ukijaribu kulikunja kuwa sufuria litapasuka. Kwa hiyo diski huingizwa kwenye tanuru la nyuzi joto kama 350 hadi 400 za Selsiasi, zikakaa humo kwa saa kadhaa. Haziyeyuki, kwa maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Zinachofanya ni kulainika: chembechembe za ndani za madini hujipanga upya na ule ugumu uliotokana na kusukumwa huondoka. Diski iliyotoka humo ni laini kiasi kwamba nyembamba utaikunja kwa mikono.

Ulaini huo ndio unaowezesha kazi inayofuata. Diski hupakwa mafuta, ikawekwa juu ya kalibu yenye tundu la mviringo, ikabanwa pembeni, kisha nguzo ya chuma hushuka katikati na kuisukuma ndani ya tundu. Kwa pigo moja sahani inakuwa bakuli lenye kina. Diski haipaswi kuzidi takriban mara mbili ya upana wa chombo kwa pigo la kwanza, vinginevyo kitako kitakatika. Kwa mfano, sufuria yenye upana wa sentimita 24 na kina cha sentimita 12 inahitaji diski ya upana wa karibu sentimita 41 na nusu, na hiyo inapita kwa pigo moja. Ukitaka sufuria ya kina kirefu zaidi, husukumwa mara mbili au tatu. Mafundi wengine, kama wale wa Kamukunji kule Nairobi na wenzao wengi katika miji yetu, huikunja bati kwa nyundo, au huizungusha kwenye mashine na kuilaza taratibu juu ya umbo la mti au chuma. Njia ni tofauti lakini sharti ni lile lile, kwamba bati liwe laini.

Mtengenezaji anayeijua kazi huchagua diski kwa makini. Chembe za madini zikiwa kubwa mno, kwa sababu tanuru lilizidi moto, ukuta wa sufuria hutoka na vipele kama ganda la chungwa. Bati likiwa limevutwa upande mmoja zaidi ya mwingine, ukingo hutoka na masikio manne yanayosimama juu, na lazima yakatwe, hasara juu ya hasara. Kwa hiyo kabla ya kupokea mzigo hukata kipande, akakikunja mara mbili kutazama kama kitapasuka kwenye kona, akasukuma kikombe kidogo cha majaribio na kuangalia masikio. Biashara ya diski katika eneo letu si ya jana. Kaluworks ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1929, na Dar es Salaam kiwanda cha Aluminium Africa, kinachofahamika zaidi kwa jina la ALAF na kwa mabati ya kuezekea, kilianza mwaka 1960. Alumini yenyewe nchini kwetu haiyeyushwi kutoka kwenye udongo wake. Huyeyushwa kule kwenye umeme mwingi, kama Bahrain ambako uzalishaji ulianza mwaka 1971, au Sohar nchini Oman ulikoanza mwaka 2008.

Kwa nini tabibu anakusimulia habari za tanuru na kalibu? Kwa sababu ulaini huo una siri inayomhusu mlaji. Alumini inayokubali kusukumwa hivyo bila kupasuka ni lazima iwe karibu safi. Aina zinazotumika sana kwa vyombo vya jikoni huwa na alumini asilimia 99 au 99.5, au huongezwa manganizi kidogo, kati ya asilimia 1 na 1.5, ili sufuria iwe imara zaidi. Ukichanganya ndani yake vipande vya injini ya gari, ambavyo vina silikoni nyingi, madini hugeuka kuwa makavu na hupasuka kwenye kalibu. Kwa maneno mengine, ile kazi ya kuisukuma diski ni mtihani ambao madini machafu mno hayawezi kuufaulu. Hata hivyo tusizidishe. Risasi kidogo yaweza kuwamo ndani ya bati laini bila kulizuia lisikunjike, kwa hiyo mtihani huo ni dalili nzuri tu, haujafikia kuwa hati ya usafi.

Ile nzito haikupita mtihani wowote. Hiyo ni ya kusubu. Fundi hukusanya chuma chakavu: vipande vya injini, rejeta, sehemu za kompyuta na friji, makopo, waya, masufuria yaliyotoboka. Huviyeyusha vyote pamoja katika chungu cha moto wa mkaa, kisha humimina kwenye kalibu la mchanga. Hapo silikoni ya injini ni neema, kwani humsaidia uji wa madini kutiririka na kujaza kalibu vizuri. Kilichomo zaidi ya hapo hakuna anayekijua, hata fundi mwenyewe. Rejeta za zamani huungwa kwa lehemu, na lehemu ya kawaida ina risasi. Zipo pia aina za alumini za kuchonga vipuri ambazo zilitiwa risasi kwa makusudi kiwandani ili zichongeke kirahisi. Vyote hivyo vikiingia chunguni vinatoka vikiwa sufuria moja inayong'aa.

Mafundi hawa siwalaumu sana. Ni vijana wanaotafuta riziki ya halali, na kutumia tena kilichotupwa ni jambo lenye faida. Tatizo ni kwamba kilichofaa kuwa kitako cha meza au nanga ya mtumbwi kimefanywa chombo cha uji wa mtoto.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2014 watafiti walitoa taarifa ya sufuria za kusubu za Cameroon zinazotoa risasi ndani ya chakula. Mwaka 2017 kundi hilo lilichapisha uchunguzi mpana zaidi wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea. Walichemsha ndani yake maji yenye asidi ya siki kwa saa mbili, kisha wakapima. Vyombo 15 vilitoa maikrogramu 1 au zaidi ya risasi kwa kila robo lita, yaani kwa bakuli moja la mchuzi. Vingine vilitoa kadimiamu na aseniki. Sufuria moja ya Vietnam ilitoa maikrogramu 33 katika jaribio la kwanza, na katika majaribio mawili yaliyofuata ikatoa zaidi ya 1,000 kila mara. Hilo la mwisho lituzindue, kwa sababu wengi hudhani chombo kikishatumika sumu huisha. Ni kweli kwamba kipimo hicho ni kikali kuliko ugali na maharage ya kawaida, lakini mchuzi wa nyanya nyingi na ndimu unaochemka asubuhi nzima wakati wa shughuli hauko mbali nacho sana. Na mwezi Agosti 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake juu ya baadhi ya vyombo vya alumini na shaba vilivyoingizwa nchini humo, kwa sababu ya risasi.

Risasi katika mwili wa binadamu haina kazi yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Huingia kwa chakula, ikajificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na mama anapopata mimba au kunyonyesha, mifupa yake inapotoa madini ya chokaa kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hutoka pamoja. Mtoto mdogo hufyonza risasi nyingi zaidi ya mtu mzima kwa chakula kile kile, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au chokaa hufyonza zaidi. Nayo humpunguzia damu, humdumaza, na hasa huharibu ubongo unaokua: usikivu, kumbukumbu, utulivu, uwezo wa kujifunza. Uharibifu huo wa ubongo haurudi nyuma.

Hapo ndipo ugumu wetu ulipo sisi tunaohudumu katika zahanati na vituo vya afya. Mtoto akiletwa amepauka, tunafikiria malaria, minyoo, lishe duni, na mara nyingi tunakuwa sahihi. Akilalamika tumbo tunatafuta amiba na taifodi. Mwalimu wa madrasa akisema mtoto hahifadhi, anasahau leo alichosoma jana, mzazi hudhani ni utundu au jicho baya. Risasi haimpi mtoto homa wala vipele. Na kuipima kunahitaji maabara ambayo haipatikani katika kituo cha milimani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka kila aliyekutwa na maikrogramu 5 au zaidi katika desilita ya damu atafutiwe chanzo na chanzo kiondolewe. Kwa kuwa kipimo kiko mbali, kukiondoa chanzo kinachoshukiwa ndiyo njia iliyo mikononi mwetu.

Na alumini yenyewe je? Swali hili huulizwa sana, hasa na wasomaji waliosikia kwamba sufuria huleta ugonjwa wa kusahau uzeeni. Hilo halijathibitishwa. Kinachojulikana ni kwamba alumini nyingi iliwadhuru ubongo na mifupa wagonjwa wa figo waliosafishwa damu kwa maji yenye madini hayo, na kwa hiyo mwenye figo dhaifu anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Kwa mtu mwenye figo nzima, sehemu kubwa sana ya alumini iliyomo katika chakula hupita tumboni na kutoka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliweka mwaka 2011 kiwango cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 120 kwa wiki, na mtoto wa kilo 15 ana 30 tu. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2017 wastani ulikuwa miligramu 125 kwa bakuli moja. Kwa hiyo hata kama hatuna hofu ya kusahau, hakuna sababu ya kula sufuria.

Alumini ina ngao yake. Ikikutana na hewa au maji hujifunika utando mwembamba sana wa kutu yake, ambayo haimomonyoki kama kutu ya chuma. Utando huo huvunjwa na vitu vya namna mbili vinavyopingana: vikali vichachu, kama ndimu, ukwaju, nyanya na maziwa yaliyoganda, na vya jamii ya magadi na majivu. Chumvi nayo, ikilala humo usiku kucha, huchimba vitundu.

Sasa tazama jikoni kwetu Mgeta. Tuko juu, na katika vijiji vya kwenye mwinuko wa mita 1,600 maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100. Maharage na njegere hukawia kuiva. Dawa ya wengi ni magadi, na magadi juu ya moto kwa saa tatu hula alumini. Utaliona hilo kwa macho, sufuria ikigeuka nyeusi ndani. Loweka maharage tangu usiku, mwaga maji yale, pika kwa kufunika, na kuni zitapungua bila magadi. Maziwa ya mbuzi, ambayo Alhamdulillah yamekuwa neema ya watoto wa tarafa hii, usiyaache yagande ndani ya sufuria. Yahamishie kwenye kibuyu, chungu au chombo cha plastiki cha chakula. Hali kadhalika mchuzi uliobaki wa daku usilale humo. Kufunika vyombo tumefundishwa na Mtume (s.a.w.), na chakula kilichohamishiwa kwenye bakuli la kauri hufunikika vile vile.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama watanisamehe. Tumelelewa kuamini kuwa mwanamke safi hutambulikana kwa sufuria zinazong'aa kama kioo, nje na ndani, kwa stilwaya, mchanga na majivu. Nje sugua utakavyo, masizi ni masizi. Ndani, lile doa la kijivu linaloachwa na maji ya kuchemsha ndiyo ngao yenyewe. Si uchafu, na si najisi. Ukilikwangua kila siku unaanza upya kila siku, na madini mapya yanaingia kwenye chakula cha jioni. Loweka ukoko kwa maji ya moto, tumia dodoki na sabuni, basi. Sufuria mpya ichemshe maji matupu mara mbili tatu, uyamwage, kabla ya kupikia.

Pia usiiweke tupu motoni. Moto wa kuni unaweza kuirudisha sufuria kwenye ulaini ule wa tanuru la kiwandani, ndiyo maana kitako chake hubonyea na kuyumba, na ukizidi huyeyusha kabisa. Ikitoboka, mwambie fundi aizibe kwa ribiti ya alumini. Lehemu usikubali katika chombo cha kupikia wala birika la chai.

Unapokwenda kununua, usiende na macho tu. Beba mkononi. Sufuria ile ya sentimita 24 niliyoitaja, ikitokana na diski ya milimita 1, itakuwa na gramu kama 370. Ya milimita moja na nusu itakuwa kama gramu 550. Mwombe muuzaji mizani ya vitunguu. Anayekuuzia ya gramu 370 kwa bei na jina la "nzito" amekughushi, na hukumu ya ghushi unaijua. Pitisha kidole kwenye kona ya ndani ambapo kitako hukutana na ukuta, kwa sababu hapo ndipo bati hunyooka na kuwa jembamba zaidi linaposukumwa. Ukihisi bonde au ufa, irudishe. Kisha tafuta vitundu, mistari ya kalibu na ukwaruzo wa mchanga. Ukiviona, hiyo ni ya kusubu. Mistari ya duara iliyo laini peke yake isikutishe, huenda ni ya mashine ya kuzungushia. Dalili ya mwisho ni ya ajali: ya diski ikianguka hubonyea, ya kusubu hupasuka.

Mwenye uwezo anunue walau sufuria moja ya chuma kisichoshika kutu kwa ajili ya michuzi michachu na uji wa mtoto. Asiye na uwezo, chungu cha udongo cha kwetu kisichopakwa rangi kinafaa, na maharage yake ni matamu zaidi. Wale wenye dhamana ya masufuria makubwa ya hitima na futari za msikitini wayakague pia, maana chungu kimoja hulisha watu mia mbili.

Na ile nzito iliyoko nyumbani tayari? Ifanye ya maji ya kuogea na kufulia. Ukiiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na mzani wake, itapanda lori, itayeyushwa, na itarudi gulioni ikiwa mpya.